Uso wa Mama Mkwe

Elimu haina mwisho, watu husema, na mara nyingi anayesema hivyo ni mtu aliyejifunza juzi kufuga nyuki au kupiga gita. Nilipostaafu kazi ya serikali katika idara ya maji nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na hotuba ikasema sasa nimepata nafasi ya kujifunza mambo mapya. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba mapya siyataki. Nilikuwa na shamba la mahindi nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Kiminini, nilikuwa na mke na magoti yanayouma, na niliona niliyokwisha kuyajua yanatosha kunifikisha kaburini.

Mwaka huu, katika umri wa miaka sitini na moja, nimejifunza mambo ambayo siwatakii hata watu nisiowapenda. Mojawapo ni uso wa mama mkwe wangu. Nimekuwa mkwe wake kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumtazama.

Kwa asiye wa kwetu hili linahitaji maelezo. Sisi Wabukusu tuna kitu kinachoitwa chisoni. Ukilitafsiri neno hilo utapata haya, au aibu, lakini ni haya ya namna yake, ile iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hakuna chuki ndani yake hata kidogo. Ni heshima iliyozidi kipimo. Siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na mama wakwe zao kwenye harusi na kupigwa picha, meno yote nje. Mimi nimelelewa na baba ambaye aliwahi kuruka ndani ya mtaro wa maji, na suti yake ya kanisani, kwa sababu aliona leso ya mama mkwe wake ikija kwa mbali. Aliingia kanisani akiwa na matope hadi magotini na hakuna aliyemcheka.

Mwaka jana mama mkwe alianguka nyumbani kwake Bokoli akienda kumwaga majivu, akavunjika nyonga. Hospitalini Bungoma walimlaza, wakampima, wakasema moyo wake hautastahimili kupasuliwa. Arudi nyumbani, atunzwe. Nyumbani kwa nani? Wanawe wawili wa kiume walikuwa wamekwisha kufa. Mdogo wake, aliyeko hapo hapo Bokoli, ni mjane mwenye mgongo mbaya ambaye hata debe la maji hainui. Alikuwa amebaki binti mmoja tu, naye ndiye mke wangu.

Mke wangu hakuniomba ruhusa. Aliniarifu.

“Mama anakuja hapa.”

“Hapa wapi?”

“Hapa kwetu. Wewe si utaangalia kando? Si hiyo ndio kazi umefanya miaka yote?”

Basi tukajenga chumba nyuma ya jikoni, mlango wake ukitazama shamba, ili asinione nami nisimwone. Wazee wa ukoo wetu walisafiri kutoka upande wa Chwele kuja kuniuliza nimeona wapi mkwe na mama mkwe wakaishi boma moja. Mke wangu aliwamiminia chai, akawauliza ni nani kati yao atakayembeba mama yake akamtunze kwake. Walikunywa chai, wakasifu mkate, wakaaga.

Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Kukiwa na jua mke wangu alimtoa mama yake na kumlaza kwenye godoro nje ya mlango, nami nikitaka kupita kwenda shambani nilikohoa kwa nguvu kama mtu mwenye kifua kikuu. Akisikia hivyo mama mkwe alijifunika leso kichwa kizima. Nilipita nikitazama upande wa Mlima Elgon, iwe kuna mawingu au hakuna. Kwangu mama mkwe alikuwa ni leso ya samawati iliyojikunja chini, na sauti.

Sauti ilikuwepo kwa sababu kuzungumza hakukatazwi, mradi msizungumze ninyi kwa ninyi. Unamtumia mtu wa tatu. Kama mke wangu hayupo, tulitumia mlango.

“Mlango,” angesema kutoka ndani, “uliza Baba Watoto kama mvua ilifika huko chini.”

“Mlango,” ningejibu, nimesimama nje nimeupa mgongo, “mwambie mama ilifika, lakini kidogo.”

“Mlango, mwambie asante. Harafu mwambie mbuzi imekata kamba.”

Watoto wetu, ambao ni watu wazima wanaofanya kazi mbali, walikuwa wakitupigia simu na kuomba tuwawekee mlango wasikie. Walicheka mpaka wakakosa pumzi. Nami nilicheka, lakini niliupenda ule mlango. Nadhani kuna mambo tuliyoambiana kupitia kwake ambayo watu wanaotazamana hawaambiani.

Mke wangu alikufa mahindi yalipokuwa yamefika kiunoni. Alikuwa ameinama kwenye karai akifua mashuka ya mama yake, akasema kichwa kinamgonga, akaketi, kisha akalala pale pale kwenye nyasi kama anayetaka kupumzika. Presha, walisema hospitalini. Mimi nilikuwa sijui ana presha. Dawa zake nilizikuta baadaye ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Sitaeleza mazishi. Tulimzika kwetu Chwele, kama inavyotakiwa, na mvua ilinyesha, na mahubiri yalikuwa marefu. Ninachotaka kueleza ni uamuzi uliofanywa kabla ya mazishi, ndani ya hema, na watu waliokuwa wamenizunguka huku mimi nimekaa kama gunia. Lilikuwa ni suala la mama mkwe. Yeye alikuwa Kitale, kitandani, na alichokuwa ameambiwa ni kwamba binti yake amelazwa. Mdogo wake wa Bokoli alilia nje ya turubai, nisikoweza kumwona, akasema, “Huyu mama ako na roho ya karatasi. Mkimwambia leo, mnachimba kaburi mbiri.” Mchungaji akakubali. Wazee wakakubali, na safari hii hawakutaka hata chai. Watoto wangu wakakubali. Akaambiwe polepole, walisema, akipata nguvu. Nani amwambie, hakuna aliyesema. Nami sikuuliza, kwa sababu hata ningetaka kumwambia, ningemwambiaje? Yupo mtu anayeweza kumpa mama habari ya kifo cha mwanawe kupitia mlango?

Hivyo nilirudi Kitale mjane, na nyuma ya jikoni yangu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akisubiri binti yake apone.

Binti yangu alitafuta msaidizi kabla ya kurudi kazini, mama mmoja wa makamo kutoka Kwanza, mwenye mikono mikubwa na imani kubwa zaidi. Huyo ndiye aliyemwosha mama mkwe, akamlisha, akamgeuza. Tulimfunza la kusema. Redio ilizimwa, maana redio za kwetu husoma matangazo ya vifo na jioni ile ile unaweza kusikia jina la ndugu yako kati ya wimbo na bei ya mbolea. Majirani waliokuja kunipa pole walipokelewa barazani, upande wa barabara, na kuombwa wasilie kwa sauti. Wapo waliolia kwa mkono mdomoni. Sijawahi kuona jambo la kuumiza kama mtu mzima anayejiziba mdomo ili alie.

Na kila asubuhi, nikipita:

“Mlango, uliza Baba Watoto. Mtoto wangu anaendelea aje?”

“Mlango, mwambie mama daktari anasema bado.”

“Anakula?”

“Mlango, mwambie anakula kidogo.”

“Mwambie asikubali wampe chakura ya baridi. Toka akiwa mdogo tumbo yake haipendi baridi.”

“Mlango, mwambie nitawaambia.”

Nilikuwa nikienda shambani, nikisimama katikati ya mahindi, na kulia kwa hasira. Nilimkasirikia marehemu. Nilimkasirikia mchungaji. Niliukasirikia mlango, ambao ni mbao za mvule nilizozichagua mwenyewe.

Kisha yule mama wa Kwanza akaacha kazi. Alikuja barazani asubuhi akiwa na mfuko wake wa nguo, akasimama, akakataa kuketi.

“Mzee, mimi nimeokoka,” alisema. “Kuosha mgonjwa naweza. Kugeuza naweza. Lakini huyu mama jana alinishika mkono, akaniambia tuombee mtoto wake apone. Nikaomba. Mzee, nimeombea maiti apone. Mungu ananiangalia. Mimi siwezi tena.”

“Kaa mpaka nipate mwingine.”

“Mwambieni ukweli, nitakaa. Mkikataa, naenda.”

“Si mimi nimekataa.”

“Basi ni nani?”

Akaenda. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa, ingawa nilimtukana kidogo alipofika kwenye lango.

Nilizunguka nyumba nikijua kwamba mama mkwe alikuwa ndani, mkavu au amelowa sijui, na hakuna mtu duniani wa kuingia isipokuwa mimi, ambaye sikustahili kuingia. Jirani yangu wa kike alikuwa amesafiri kwa matanga ya kwao. Kina mama wa kanisa huja Jumamosi. Niliita mlangoni.

“Mlango, mwambie mama msaidizi amepata dharura. Uliza kama mama yuko sawa.”

Nikasikia shuka likivutwa.

“Mlango,” alisema, “mwambie Baba Watoto niko sawa.”

Sauti ya mtu aliye sawa naijua, na ile haikuwa hiyo. Nilisimama pale nimeupa mlango mgongo, na harufu iliyotoka chini yake ikaniambia aliyokataa kuniambia yeye.

Nikampigia simu mdogo wake wa Bokoli. Huyo naye ni mama mkwe wangu kwa hesabu za kwetu, lakini simu haina uso. Nilimwambia hali ilivyo. Alipiga chafya, akasema yeye na mgongo wake hawezi kufika leo wala kesho.

“Ingia wewe,” alisema.

“Mama, nitaingiaje?”

“Chisoni si ukuta wa mawe, Baba Watoto. Inatorewanga. Wazee wetu walikuwa wanaitoa kama kuna shida.” Akanieleza inavyotolewa. Sijui kama koo zote hufanya hivyo, pengine ni yao tu, pengine alikuwa akikumbuka nusu na nusu akiibuni. Hata hivyo nilishika kila neno. Achinjwe kuku. Mama mkwe ampakulie mkwe kwa mkono wake mwenyewe, ampe firigisi, wale pamoja chumba kimoja. Wakimaliza, mkwe anainama, mama anaweka mkono juu ya kichwa chake na kumbariki. Basi. Kutoka hapo ni kama mama na mtoto. “Na usimwambie ile maneno ingine,” akaongeza. “Mpe kuku tu.”

Sijawahi kuchinja kuku bila mwanamke kusimama karibu akinipokea. Kwetu mwanamume anachinja, anaondoka, na kuku anarudi akiwa kwenye mchuzi. Nilimchinja jogoo, nikachemsha maji, nikamnyonyoa vibaya, nikamfungua. Miaka sitini na moja nimekula kuku, harusi, mazishi, Krismasi, wageni, na sikuwahi kujua nyongo inakaa wapi. Nilidhani ni kitu kikubwa ambacho mtu hawezi kukikosa. Kumbe ni kifuko cha kijani kilichojificha kwenye ini, kidogo kama harage. Nilikipasua kwa kisu. Maji ya kijani yakamwagika juu ya kila kitu. Nikaosha, nikaosha tena, nikatia chumvi nyingi na nyanya, nikajiambia haitajulikana.

Nilibeba sufuria kwenda nyuma ya jikoni. Nilisimama mbele ya mlango nikiutazama kwa mara ya kwanza badala ya kuupa mgongo.

“Mama,” nilisema. Sio mlango. “Mama, ni mimi. Nimekuja na kuku.”

Nilisikia kitanda kikilia. Kisha nikasikia leso ikivutwa haraka.

“Nani amekwambia?” aliuliza.

“Mdogo wako.”

“Huyo mdomo wake mkubwa.” Halafu, kwa sauti ya chini: “Ingia. Lakini usiangarie shuka.”

Niliingia nikitazama sakafu. Niliweka sufuria na sahani kwenye stuli karibu na kitanda, nikakaa juu ya debe lililopinduliwa, macho yangu kwenye viatu vyangu. Niliona mkono wake ukitoka ndani ya leso, mkono mwembamba wenye ngozi inayoteleza juu ya mfupa, ukatafuta sufuria. Uligonga ukingo wa stuli. Ukapanda, ukapapasa mfuniko, ukaingia kwenye mchuzi, ukatafuta ndani kwa vidole mpaka ukaipata firigisi. Akaiinua. Kisha akaiweka hewani, mbali na sahani, na ikaanguka sakafuni kati ya miguu yangu.

“Nimeweka?” aliuliza.

Ndipo nikainua macho. Leso ilikuwa imeteleza. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe, yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe ya maziwa yaliyoganda. Alikuwa akitazama pembe ya chumba ambapo hapakuwa na mtu.

“Mama,” nilisema, “huoni?”

“Macho iriisha kitambo. Kabla nianguke. Ndio nilianguka.”

“Na mimi sikuambiwa?”

“Nilimkataza. Ati mkwe akajue anawekewa kipofu kwa boma yake, aseme aliletewa mzigo juu ya mzigo? Nikamwambia, nyamaza. Akanyamaza.”

Nilikaa pale na sikujua nicheke au nilie. Karibu mwaka mzima nimekohoa hadi koo likaniuma, nimetazama mlima uliofunikwa na mawingu, nimejikwaa kwenye kamba ya mbuzi kwa sababu nimegeuza uso, ili nisionwe na mtu asiyeona. Na yeye, asiyeona, amejifunika leso kwenye jua kali ili asionwe na mtu aliyekuwa akitazama mlima. Tulikuwa wajinga wawili wenye adabu sana. Na mke wangu alikuwa katikati, akijua yote, akifua mashuka.

Nikamtazama. Hakukuwa tena na sababu ya kutomtazama. Alikuwa na paji la uso jembamba, na mdomo wa chini uliotokeza kidogo, ule ule ambao mke wangu alikuwa akiutokeza akikasirika, na kwenye shavu la kushoto kishimo kilichoingia hata alipokuwa hacheki. Nilikuwa nimeukosa uso huo tangu mazishi. Ulikuwa hapa wakati wote, nyuma ya jikoni, umefunikwa na leso. Nilitaka kupiga kelele.

Niliokota firigisi, nikaipangusa, nikaila. Nikamwekea yeye kipande cha paja mkononi. Alitafuna mara moja, akaacha kutafuna.

“Ulipasua nyongo,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Hata hukujua iko wapi?”

“Sikujua.”

“Mzee mzima.” Alitafuna tena, akameza kwa shida. “Itabidi tukule tu. Ukitupa, haikubali.”

Tukala. Sijawahi kula kitu kichungu namna ile. Tulikula mpaka tukafika mifupa, mimi nikinywa maji kila tonge, yeye akikunja uso wake ambao sasa ulikuwa wangu kuutazama, na katikati yake alicheka kidogo, na mimi nikacheka, na nilidhani labda hili litawezekana. Nitamwosha. Nitamgeuza. Nitamdanganya mpaka moyo wake utakapojichokea wenyewe, naye afe akidhani binti yake yuko hospitalini akila chakula cha moto. Nililiona hilo kuwa wema.

Alipangusa mkono wake kwenye leso. “Haya,” alisema. “Karibia.”

Nilivua kofia. Nilipiga magoti chini, magoti yangu mabovu, nikainamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa godoro. Mkono wake ulishuka polepole, ukanikuta sikioni kwanza, ukapanda juu. Ulisimama utosini. Ukaenda nyuma hadi shingoni, ukarudi mbele, ukienda kinyume na nywele, ule ukwaruzo wa nywele fupi zinazoota zote pamoja. Kidole chake kilipata jeraha dogo nyuma ya sikio ambapo wembe ulikuwa umenikata, nalo lilikuwa halijapona vizuri.

Mimi nilikuwa nimelisahau hilo, na mdogo wake wa Bokoli aliyenituma nibarikiwe kichwani alilisahau pia. Hema zima la watu wenye akili lilikuwa limepanga uongo, likazima redio, likaziba midomo ya majirani. Lakini kwetu, baada ya mazishi, kunakuwa na siku ya kunyoa. Waliofiwa wanaketi mstari mmoja nje ya nyumba, na mjane anaanza, wembe mtupu, kichwa kizima. Mwanamke wa umri wake amegusa vichwa vya namna hiyo maisha yake yote. Aligusa vya wanawe. Hakuhitaji macho.

Mkono haukuondoka. Niliusikia ukianza kuwa mzito.

“Hii si mashine,” alisema. “Hii ni wembe.”

Sikuinua kichwa.

“Baba Watoto. Hii ni ya nani?”

Ningeweza kusema baba mdogo, au ndugu. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Lakini uso wangu ulikuwa kwenye godoro lake lililolowa, mdomo wangu ulikuwa na nyongo, na uongo ulikataa kutoka. Nilisema jina la binti yake. Sikuweza kuongeza lingine.

Moyo wa karatasi haukupasuka. Nilikuwa nimeushika mkono wake nikisubiri upasuke, nikiwaza gari, nikiwaza nitawaambia nini. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Hakulia kwa sauti. Mdomo ule wa chini ulitokeza, ukabaki hivyo.

“Mmemweka wapi?”

“Chwele. Kando ya mama yangu.”

“Mvua irinyesha?”

“Ilinyesha.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa akikijua. Halafu akasema kwa sauti kali, sauti ya mtu aliyeibiwa:

“Na mimi? Mbona hamkuninyoa?”

Katika mambo yote niliyoulizwa maishani, na wakubwa wa kazi, na watoto, na mke wangu katika ugomvi wetu mbaya kabisa, hakuna swali lililonipata kama hilo. Tulikuwa tumeogopa kumwua kwa habari. Hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa tumemnyima msiba wake. Watu mia walimlilia mwanawe. Majirani ambao hawakujua hata alikozaliwa walimlilia. Na aliyemzaa alikuwa amelala hapa na nywele zake kichwani, akiagiza chakula cha moto.

Nilimwosha kwanza. Alinielekeza yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile kavu: weka goti kwa kitanda, vuta shuka si mtu, sasa geuza. Niliona kidonda kilichokuwa kimeanza kwenye nyonga yake, na nikajua kwa nini mke wangu alikuwa akikurupuka kutoka mezani chai ikiwa moto. Nilimvalisha nguo kavu. Kisha nikambeba, mwepesi mno, mkwe amembeba mama mkwe mchana kweupe, nikamweka nje ya mlango juani, nikaleta wembe na maji kwenye bakuli. Fundi bomba mmoja aliyekuwa akipita kando ya shamba alisimama, akatutazama, akavua kofia yake, akaenda zake.

Sikuwahi kumnyoa mtu. Aliniambia nianzie mbele, nilowanishe kidogo kidogo, nisiukandamize. Nywele zake zilikuwa laini na nyeupe zote, zikaanguka juu ya leso ya samawati aliyoitandaza mapajani. Alikuwa akizipapasa zikianguka, anazisugua kati ya vidole.

“Nywele yake,” alisema, “ilikuwa imetoa mvi?”

“Yote, mama. Ilikuwa nyeupe kabisa. Alikuwa anafunga kitambaa.”

Vidole vyake vikasimama. Macho yake meupe yalikuwa yameelekea kwenye mahindi, na jua lilikuwa likimpiga usoni wala hakuyafunga.

“Kumbe alizeeka,” alisema. “Na mimi hapa nalilia msichana.”